Uzi wa waliosoma Urusi: tukumbushane ski za Vilima vya Lenin, Moscow

MzeeWaLuzhniki

Wanajamvi, heshima kwenu.

Baridi ikianza kule Ulaya na Marekani, vijana wetu wanaweka picha za theluji na watu wanawajaza pole. Mimi nikiziona roho inasuuzika. Nilisoma Moscow kuanzia 1977, na hakuna mahali nilipopapenda katika mji ule kama Vilima vya Lenin. Ndipo nilipojifunzia ski, yaani kuteleza kwenye theluji ukiwa umefunga mbao mbili ndefu miguuni. Siku hizi wamerudisha jina la zamani, Vorobyovy Gory. Nimepekua jukwaa zima sijaona uzi wa jambo hili, ilhali Watanzania, Wakenya na Waganda waliopita vyuo vya Kisovieti tangu Chuo cha Lumumba kifunguliwe 1960 ni wengi mno, na wengi wao walivalishwa ski wakitaka wasitake. Wenzetu wanaondoka mmoja mmoja bila kuandika. Naanza, mtaongezea.

Mahali penyewe ni ukingo wa Mto Moscow, upande wa kusini-magharibi mwa mji, unaoinuka kama mita 70 kutoka majini. Mtu wa Lushoto hawezi kupaita mlima. Juu kuna jengo kuu la Chuo Kikuu cha Moscow, lile la ghorofa 36 lenye nyota kileleni. Lilimalizika 1953 na halikupitwa kwa urefu Ulaya nzima hadi 1990. Ng'ambo ya mto, chini kabisa, ni uwanja wa Luzhniki. Katikati ni msitu na mteremko. Karibu na pale watu wanaposimama kutazama mji palikuwa na minara ya kurukia ski. Tulikuwa tunasimama juu tunawaangalia warukaji: mtu anajiachia, anainamia ncha za mbao zake, anaelea juu ya vichwa vya miti, unahesabu moyoni, ndipo unasikia "pa!" mbao zikigusa chini.

Sisi hatukuruka. Sisi tulikuwa watu wa fizkultura.

Ambao hamkusoma kule: mazoezi ya mwili yalikuwa somo kamili, na theluji ikishashika, kuanzia Desemba hadi Machi, somo lilikuwa ski. Usipopata zachot, yaani mwalimu asiposaini kitabu chako kwamba umehudhuria na umeweza, mtihani wa masomo mengine unaanza kuwa na mashaka. Hakukuwa na cha kusema "mimi natoka nchi ya joto". Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo mwenye kofia ya sufu ya bluu. Siku ya kwanza alitupanga mstari, Watanzania, Wayemeni, Wakuba na Wavietinamu, akatupima mbao mmoja mmoja. Unasimama wima, unanyoosha mkono juu, ncha ya ubao lazima ifike kwenye kiganja. Fimbo zifike kwapani. Basi.

Mbao zenyewe zilikuwa za mti wa beryoza, ambao Waingereza wanauita birch, zimepindwa kidogo mbele. Viatu vya ngozi, soli yake imetokeza mbele ya vidole, na kwenye ule ulimi kuna matundu matatu. Matundu yanaingia kwenye vijiti vitatu vya chuma vilivyo juu ya ubao, unabana kwa kibanio. Kisigino kinabaki huru. Kazi ilikuwa hapo kwenye matundu: ukitembea kwenye theluji kabla ya kuvaa, yanajaa barafu, na kiatu hakiingii hata ukisukuma vipi. Unavua glavu, unachokonoa barafu kwa msumari, vidole vinaanza kufa ganzi, na wenzako wameshaondoka. Kila mmoja wetu alitembea na msumari wake mfukoni.

Wiki za kwanza ni tambarare tu, juu, kwenye njia za bustani ya chuo. Mguu wa kulia na mkono wa kushoto, mguu wa kushoto na mkono wa kulia, unasukuma halafu unauacha ubao uteleze mpaka uishiwe. Kosa la wageni wote lilikuwa kutembea. Hutelezi ukitembea. Mama yule alikuwa anapita pembeni yetu anasema neno moja, "subiri, subiri", akimaanisha ngoja ubao umalize safari yake ndipo utoe mguu mwingine. Siku mwili ulipoelewa lile "subiri", nilienda mbali kwa nguvu ndogo mno na sikutaka kurudi hosteli.

Halafu ndiyo ukaja mteremko. Nitaendelea jioni.

KijanaWaRombo

Shikamoo mzee. Nimeweka kambi hapa. Swali langu ni moja: mkishaanza kushuka, mlisimama vipi? Maana hakuna breki.

Mtafuta_Ukweli

Mzee naomba kuuliza kwa heshima. Hii ski iliwasaidia nini maishani? Mmerudi Tanzania hakuna theluji, fani mliyosomea ni nyingine. Siyo ubishi, nataka kuelewa.

MzeeWaLuzhniki

@KijanaWaRombo Marahaba kijana. Breki ipo, ni miguu yako. Unazileta ncha za mbele karibu karibu bila kugusana, visigino unavisukuma nje, magoti unayakunja na kuyaelekeza ndani. Mbao zinakwangua theluji kwa kingo za ndani na mwendo unapungua. Ukisukuma visigino zaidi unasimama. Ukitaka kukata kushoto unaulemea mguu wa kulia. Na kwa mbao zile nyembamba za safari ndefu, kisigino kikiwa huru, si rahisi hata kidogo. Wenye mbao pana za mteremko, zile zinazofunga kisigino, wanasimama kirahisi zaidi.

Kupanda nako kuna njia zake. Mteremko mkali unapanda ubavu, hatua kwa hatua, mbao zikiwa zimekingama mteremko. Mteremko wa wastani unazipanua ncha za mbele, unapanda kwa kingo za ndani, na ukigeuka nyuma unakuta umechora mfupa wa samaki mrefu kwenye theluji. Kumbukeni sisi hatukuwa na mashine ya kutupandisha. Kila mteremko uliolipiwa kwa kupanda unaujua vizuri. Unajua palipo na mzizi, unajua palipo na barafu, unajua pa kuinama tawi lisikuvue kofia.

@Mtafuta_Ukweli Swali lako ni zuri na nalijibu kwa ukweli. Mwanafunzi aliyetoka Tabora au Mtwara akafika Moscow Oktoba, hajui lugha, mwaka wa kwanza mzima yuko podfak, kitivo cha maandalizi, anasoma Kirusi tu. Desemba mchana una urefu wa saa 7 tu hivi, jua linachomoza umeshaingia darasani na likizama bado uko darasani. Madirisha yamezibwa kwa karatasi na gundi upepo usipite. Niliwaona vijana wenye akili sana wakijifungia vyumbani, wakalala, wakakonda, wengine wakaomba kurudi nyumbani kabla ya mwaka kuisha. Walioshika ski hawakuugua ule ugonjwa wa majonzi kwa kiwango kile. Mwili ukichoka nje kwenye mwanga, usiku unalala, unakula, unaamka. Nilimaliza shahada yangu ya uhandisi kwa sababu kadhaa, na Vilima vya Lenin ni mojawapo ya hizo.

Halafu ndiyo mahali nilipopatia marafiki wa Kirusi. Darasani walikuwa na tahadhari na wageni. Mtelemkoni mtu amekuangukia, mmejumuika kutafuta fimbo kwenye theluji, anakumiminia chai kutoka kwenye chupa yake, mnaanza kuzungumza. Kirusi changu cha mtaani kilitoka huko.

DadaWaLeningrad

Mzee MzeeWaLuzhniki, umenigusa. Mimi nilikuwa Leningrad miaka ya themanini, nikisomea udaktari. Moscow mnajisifu na vilima vyenu vya mjini, lakini ski ya kweli ilikuwa Kavgolovo. Jumapili asubuhi unakwenda Stesheni ya Finland, unapanda treni ya umeme ya kwenda kaskazini, na behewa zima watu wameshika mbao wima, bibi, babu, watoto, kama msitu unaosafiri. Hakuna aliyeshangaa kumwona mwanamke mweusi na mbao zake. Walishangaa nilipokuwa nimesahau chakula, wakanigawia mkate, soseji na vitunguu mpaka nikashindwa.

Kavgolovo kuna vilima vya mchanga, msitu wa misonobari na ziwa lililoganda. Vinapanda na kushuka muda wote, hakuna pa kupumzika. Sisi wanawake tulipimwa kilomita 3, wanaume 5, kwa saa ya mkononi. Na niseme jambo ambalo wanaume humu hawatalisema: nguo. Sketi haiwezekani, na suruali za sufu zilizokuwa madukani hazikushonwa kwa maumbo yetu. Tulishona wenyewe. Mimi na mwenzangu kutoka Zambia tulinunua kitambaa kizito, tukakata, tukaweka lastiki nene kiunoni na vifundoni ili theluji isiingie. Warusi wa kike wakaja kuomba tuwashonee na wao.

Kuna jambo la kitabibu nalikumbuka na halimo vitabuni mwetu vya wakati ule. Kwenye baridi kali watu wanaenda wawili wawili ili kila mmoja amtazame mwenzake usoni. Warusi walifundishwa kutafuta doa jeupe shavuni au puani. Hapo damu imeacha kufika, unatakiwa kupasha joto mara moja kwa kiganja. Lakini kwetu sisi doa haliji jeupe. Linakuja kijivu, kama ngozi iliyokosa mafuta, na mwenzako wa Kirusi analiona anadhani ni kawaida. Tulifundishana wenyewe kwa wenyewe: ukiona jivu puani, simama. Nikaja kuwaeleza na walimu wangu wa kliniki, na mmoja wao akaliandika kwenye daftari lake.

MzeeWaLuzhniki

@DadaWaLeningrad Daktari, hili la jivu puani ni kweli tupu na sijawahi kulisikia likisemwa hadharani. Asante sana. Sisi zikipita nyuzi 20 chini ya sifuri yule mama mwalimu alifuta kipindi, lakini wapo waliotoka wenyewe, na sikio la rafiki yangu mmoja lilibaki na alama.

Kavgolovo sikufika, nakuachia ushindi wa msitu. Ila Vilima vya Lenin vilikuwa na kitu kimoja ambacho hampati kwingine. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa na stesheni juu ya daraja, kwenye sakafu ya chini ya lile daraja la ghorofa mbili, tangu 1959. Unashuka kwenye behewa na mbao begani, kuta za vioo, mto umeganda chini yako, unatoka mlango wa kusini uko mguuni pa kilima. Mwaka niliomaliza, 1983, waliifunga. Walipojenga wakati wa baridi walichanganya chumvi kwenye zege lisigande, na ile chumvi ikala vyuma. Ilikaa imefungwa mpaka 2002. Nilisikitika kama nimefungiwa nyumba yangu.

Na sasa niseme la Luzhniki, maana jina langu humu limetokana na hilo.

Julai na Agosti 1980 ilikuwa Olimpiki. Wanafunzi wengi tulikuwa nje ya mji kwenye vikosi vya ujenzi vya likizo. Nilikuwa kijijini tunajenga zizi la ng'ombe. Tarehe 31 Julai redio ikasema Filbert Bayi amepata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio ile, Malinowski wa Poland akamkamata mwishoni. Kesho yake Suleiman Nyambui naye fedha, mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya zile mbili, na zote zilipatikana ndani ya uwanja ule ulio chini ya kilima chetu.

Baridi iliyofuata, kila nilipofika juu na mbao zangu, nilisimama pale kwenye ukuta wa mawe, naangalia Luzhniki umefunikwa na theluji, hakuna mtu. Nikiwa na Mrusi namwonyesha: pale, upande ule wa kunyooka, ndipo Bayi alipokuwa mbele. Wengine walikuwepo uwanjani wenyewe, wakaanza wao kunisimulia mimi jinsi alivyokimbia. Mzee mmoja mlinzi wa banda la kukodisha mbao, pale unapoacha kitambulisho cha chuo ukapewa namba, alikuwa akiniona anasema kwa sauti "Bayi!" na ananitolea jozi nzuri kutoka nyuma, siyo zile zilizopasuka.

Mkenya_Burnsville

Mzee shikamoo, na wewe Daktari shikamoo. Mimi ni wa kizazi cha baadaye na nchi nyingine, lakini naomba nitie neno kwa sababu kilima changu nacho ni kidogo.

Nilifika Minnesota katikati ya miaka ya tisini. Wakenya tuko wengi huku. Mahali panaitwa Buck Hill, mji wa Burnsville, kusini mwa Minneapolis, kando kabisa ya barabara kuu ya I-35. Kimefunguliwa 1954. Kutoka chini hadi juu ni kama mita 94, hakijapita sana chenu cha Moscow. Usiku ukipita na gari unaona mteremko wote umewashwa taa, na watu wadogo wadogo wanashuka. Nilikuwa napita hapo nikitoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mfanyakazi mwenzangu, mama wa asili ya Norway, ndiye aliyenichukua mara ya kwanza na kunilipia.

Huku ni ile ski ya mteremko. Kisigino kimefungwa, kiatu ni cha plastiki kigumu kinakubana hadi juu ya kifundo. Theluji nyingi inatengenezwa: mashine zinarusha maji yaliyosagwa hewani usiku wa baridi na yanashuka yakiwa yameganda. Tofauti nyingine ni kamba. Ipo kamba inayozunguka bila kusimama kutoka chini hadi juu. Unaikamata pole pole kwanza, halafu unaikaza, inakuondoa. Ukiikaza ghafla inakuchomoa mkono. Glavu za kawaida zinaisha mapema, wenyeji wanavaa za ngozi nene juu yake.

Nilidhani kilima kidogo ni cha watoto tu. Halafu nikamwona mzee Erich Sailer, Muaustria, aliyefundisha hapo miongo mingi. Jioni baada ya shule watoto wanapita katikati ya vijiti, wakifika chini wanakamata kamba, wanapanda, wanashuka tena, bila kukaa. Kwenye milima mikubwa mtoto anakaa kwenye kiti cha kupanda muda mrefu na kushuka mara chache; hapo kilima kifupi na kamba ya kasi vinampa marudio yasiyo na idadi. Mmoja wa watoto waliokulia kwenye kikundi hicho ni Lindsey Kildow, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Lindsey Vonn, dhahabu ya Olimpiki ya Vancouver 2010, ushindi 82 wa Kombe la Dunia kabla ya kustaafu kwa mara ya kwanza 2019. Ametoka kwenye mita 94 za kando ya barabara.

Mimi nilibaki mtu wa jioni za Jumanne. Lakini wanangu wote watatu wamejulia hapo, na wakiongea kuhusu nyumbani wanamaanisha pale.

MtuWaEldoret

Wazee mmeongea ski bila kumtaja Philip Boit? Haiwezekani.

Nagano 1998, kilomita 10. Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya baridi, mtu aliyekuwa mkimbiaji, alipelekwa Finland kufundishwa 1996 akiwa hajawahi kugusa theluji. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda dhahabu. Na Dæhlie hakwenda moja kwa moja kupokea medali. Alisimama kwenye mstari akasubiri hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Alirudi tena Salt Lake 2002 na Torino 2006.

Huku watu walizoea kuambiwa Mkenya lazima awe wa kwanza. Mimi nilikuwa shule ya upili wakati ule, na baba yangu, mtu mkali asiyependa michezo, alisoma habari hiyo gazetini akaisoma tena kwa sauti mama asikie.

MzeeWaLuzhniki

@MtuWaEldoret Mwaka 1998 nilikuwa Dar na nilijua kabisa yule kijana amepitia nini. Watu waliona amechelewa. Mimi niliona mtu mzima aliyejifunza lile "subiri" kwa miaka miwili, tena mbele ya dunia. Kilomita 10 kwa mtindo wa zamani si mchezo kwa mtu aliyeanza utu uzimani.

@Mkenya_Burnsville Hiyo ya kilima kifupi na marudio nakubaliana nayo mia kwa mia. Februari 1980 tulijazana kwenye chumba cha televisheni hosteli tukimwangalia Nikolai Zimyatov akichukua dhahabu tatu kule Lake Placid, na kesho yake kilima kilijaa watoto mpaka hakuna pa kupita.

KijanaWaRombo

Naongeza la nyumbani kwetu. Waliopanda Kilimanjaro 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König, walikuwa na ski, wakashukia nazo kwenye barafu ya juu. Barafu ya Furtwängler pale kileleni imepewa jina la huyo. Na watafiti wanapima kupungua kwa barafu yetu kuanzia ramani ya mwaka huo huo: kati ya 1912 na 2007 imeondoka asilimia 85. Babu yangu alikuwa mpagazi, anasema utotoni kwake weupe ulishuka chini sana kuliko tunaouona sisi. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni na nimepita kando ya hiyo barafu; imebaki kuta na vipande. Ukiniambia leo nishuke na ski sijui nianzie wapi.

Mtafuta_Ukweli

Nimeelewa mzee. Nilidhani ni hadithi za ujana, kumbe nilikuwa sijui. Endeleeni.

BintiKagera

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma uzi wote usiku huu na nimelia kidogo.

Baba alifariki mwaka juzi. Alisoma Urusi miaka ya sabini, hakupenda kuzungumzia sana. Stoo ya nyumbani Bukoba, juu ya dari, kuna mbao mbili ndefu zimefungwa kwa kamba. Tulizikuta tangu tukiwa wadogo, tukaambiwa tusiguse. Upande wa chini ni nyeusi na mpaka leo zina harufu ya moshi, hatukuelewa kwa nini, tukadhani ziliokolewa motoni. Katikati pana madoa kama mabaki ya krayoni, kijani na bluu. Juu zimegongwa namba 205. Kuna na viatu, ngozi imekakamaa. Kaka zangu wanataka kufagia stoo. Naomba mniambie hizi ni nini na nifanye nini nazo.

DadaWaLeningrad

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Waambie kaka zako wasiguse kitu.

MzeeWaLuzhniki

@BintiKagera Marahaba binti yangu, pole sana. Hazikuokolewa motoni. Huo weusi na harufu ni lami ya msonobari. Mbao mpya zilipakwa lami hiyo upande wa chini, zikapashwa moto kwa taa ya mafuta mpaka mti ukainywa, ili maji yasiingie na nta ishike. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, nje, na harufu yake haitoki. Ukinusa hapo unanusa kila banda la ski la nchi ile.

Ile krayoni ni nta. Mbao za kutembelea zinatakiwa zishike theluji ukisukuma na ziteleze ukiachia, kwa hiyo katikati, chini ya mguu, unapaka nta kulingana na baridi ya siku ile: kijani kwa baridi kali, bluu kwa baridi ya wastani, zambarau ikikaribia sifuri, nyekundu theluji ikilowa. Unapaka kama unachora, halafu unasugua kwa kipande cha kizibo mpaka ing'ae. Ukikosea rangi, theluji inaganda chini ya ubao unabeba kilo nzima kila mguu, au unarudi nyuma kwenye kila kipandio. Mbao za baba yako zina kijani na bluu. Kwa hiyo mara yake ya mwisho kuzivaa ilikuwa siku za baridi ya kweli, siyo mwishoni mwa msimu. Na kama bluu iko juu ya kijani, siku ilianza na baridi kali ikapungua, naye akasimama njiani akabadilisha. Anayefanya hivyo si mtu aliyelazimishwa na zachot. Huyo alikuwa anaijua kazi.

Namba 205 ni urefu kwa sentimita. Kwa kipimo cha mkono ulionyooshwa, mwenye mbao za 205 ana urefu wa 175 hadi 180 hivi. Utaniambia kama ndivyo alivyokuwa.

Sasa utunzaji. Usizioshe kwa sabuni na usipake vanishi chini. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Zitoe darini, bati litazikausha zipasuke. Ziweke chumba chenye kivuli, zilale bapa au zisimame wima. Utaona zimepinda kidogo katikati, hapo ndipo palipo na uhai wake. Zigeuze zitazamane migongo ya chini, funga kamba mbele na nyuma, na katikati chomeka kipande cha mti cha unene wa vidole viwili ili lile pindo lisilale. Viatu vipake mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, usivianike juani. Angalia ulimi wa soli kama una matundu matatu. Vikiwa hivyo, vyuma vilivyo juu ya mbao vina vijiti vitatu, na mguu wa kulia na wa kushoto una ubao wake. Kuna alama ndogo, mara nyingi mguu uliochorwa.

Tuwekee picha ya pale palipogongwa namba, huenda pana na jina la kiwanda. Na utuambie alisoma mji gani.

BintiKagera

Kharkov, wazee wangu, mji ambao sasa uko Ukraine, 1973 hadi 1979, kilimo. Alikuwa na sentimita 178, ipo kwenye pasipoti yake ya zamani ninayo hapa. Nimeshampigia kaka yangu mkubwa, stoo haifagiwi. Jumamosi ninakwenda Bukoba, nitapiga picha za chini, za juu na za viatu niweke hapa.

DadaWaLeningrad

Kharkov! Nina watu watatu ninaowajua waliokuwa Kharkov miaka hiyo hiyo, mmoja yuko Mwanza na alisomea kilimo. Nitumie jina la baba kwa ujumbe wa faragha, usiliweke hapa. Kesho asubuhi nampigia simu.